Sentensi moja kwenye maelezo ya OxyContin

Watu wengi wakizungumzia kesi za opioidi, dawa kali za maumivu za ukoo wa mofini, kule Marekani huanza na idadi ya waliokufa. Mimi ni mfamasia, na kila mara naanzia kwenye maelezo ya dawa, yale yenye maandishi madogo ambayo wengi wetu hatuyasomi. Maelezo ya OxyContin, kidonge kimoja cha aina hiyo, yaliidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, Desemba 1995. Ndani yake kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba kwa kuwa kidonge hiki huachia dawa polepole, inaaminika kuwa hatari ya watu kukitumia vibaya hupungua. Kampuni iliyokitengeneza, Purdue Pharma, haikuwa imefanya utafiti wa kitabibu wa kuthibitisha hilo. Curtis Wright, ofisa wa FDA aliyesimamia tathmini ya dawa hiyo, baadaye aliajiriwa na Purdue.

Ndani ya kidonge kuna oksikodoni, dawa ya ukoo mmoja na mofini na heroini. Ile ya kawaida hufanya kazi saa nne hadi sita. Purdue walishindilia dozi kubwa kwenye kidonge kimoja, miligramu 80 na kwa kipindi fulani hata 160, ili mgonjwa ameze mara mbili tu kwa siku. Ukikiponda au kukitafuna, dawa ya saa 12 inaingia mwilini kwa mpigo mmoja. Hilo limesemwa sana. Lisilosemwa sana, nami naliona kubwa zaidi, ni kwamba kwa wagonjwa wengi dawa iliishiwa nguvu kabla ya saa 12 kutimia. Maumivu yanarudi, na pamoja nayo inakuja arosto: jasho, mwili kuuma, roho kutotulia. Kisha kidonge kinachofuata kinaleta nafuu. Mwili ukizungushwa hivyo kila siku unajifunza kukidai. Madaktari walipoanza kuandika kidonge kila baada ya saa nane, wauzaji wa kampuni waliwasisitiza warudi kwenye saa 12 na waongeze miligramu. Dozi ikipanda ndipo kifo kinaposogea, maana opioidi huua kwa kuzima pumzi.

Wauzaji hao waliwaambia madaktari kwamba wanaopata uraibu hawafiki hata asilimia 1. Hoja hiyo iliegemea zaidi barua ya sentensi tano iliyochapishwa na jarida la New England Journal of Medicine mwaka 1980, iliyohusu wagonjwa waliolazwa hospitalini, siyo watu wanaopewa vidonge vya miezi na kwenda navyo nyumbani. Mgonjwa akionyesha dalili za uraibu, daktari aliambiwa huo ni uraibu bandia, tiba yake ni kuongeza dozi. Kulikuwa pia na kuponi za kumpa mgonjwa mpya dawa ya bure ya siku 7 hadi 30. Mauzo yalitoka dola milioni 48 mwaka 1996 hadi karibu dola bilioni 1.1 mwaka 2000.

Mwaka 2007, mbele ya mahakama ya shirikisho huko Virginia, Purdue Frederick, kampuni dada ya Purdue Pharma, ilikiri kuitangaza dawa hiyo kwa udanganyifu. Wakuu watatu nao walikiri makosa madogo. Jumla ya malipo ilikuwa takriban dola milioni 634. Hakuna aliyelala jela hata usiku mmoja. Faini ambayo mauzo ya mwaka mmoja yanailipa na chenji inabaki, kwa kampuni ile ni gharama ya biashara tu. Ushahidi ni kwamba mwaka 2020 Purdue walirudi mahakamani kukiri tena, safari hii makosa makubwa matatu.

Linganisha na kampuni ya Insys, waliotengeneza fentanili, opioidi nyingine, ya kupuliza mdomoni kwa wagonjwa wa saratani, kisha wakawahonga madaktari kwa jina la malipo ya mihadhara. Waendesha mashtaka wa Boston waliwakamata wakubwa wenyewe, na mwaka 2020 mwanzilishi wake, bilionea John Kapoor, alihukumiwa kifungo cha miezi 66. Kwa hiyo inawezekana.

Kwa familia ya Sackler, wamiliki wa Purdue, haikuwa hivyo. Hakuna hata mmoja wao aliyeshtakiwa kwa jinai. Walichota zaidi ya dola bilioni 10 kwenye kampuni, nayo ikaomba ufilisi mwaka 2019. Wao wenyewe hawakufilisika, lakini mpango uliopelekwa mahakamani ulitaka watoe hadi dola bilioni 6 na wakingwe wasishtakiwe tena kwa madai, hata na waathirika ambao hawakukubali. Machi 2022 waathirika walipewa nafasi ya kuzungumza nao kwa njia ya video. Wazazi wawili walicheza rekodi ya simu ya dharura ambayo mama alipiga alipomkuta mwanawe amekufa. Theresa na David Sackler walionekana kwenye skrini. Richard Sackler, aliyewahi kuwa rais wa kampuni, alisikiliza kwa sauti tu. Hawakuruhusiwa kujibu, wala hawakujibu.

Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataa mpango huo kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji walioupinga uamuzi huo walihofia kuwa waathirika wangeachwa mikono mitupu, na hofu hiyo naielewa, maana wapo waliosubiri mpaka wakafa. Bado naona mahakama ilifanya haki: haki ya mtu ya kudai isiuzwe bila ridhaa yake. Mpango mpya, wa dola bilioni 7.4, uliidhinishwa Novemba 2025. Asiyeukubali anaweza kuwashtaki Sackler, na mamilioni ya nyaraka za ndani zitawekwa hadharani. Kwangu nyaraka hizo zina thamani kuliko bilioni zile, kwa sababu zinaonyesha nani alijua nini, na lini.

Wasambazaji watatu wakubwa wa dawa nchini Marekani, pamoja na kampuni ya Johnson & Johnson, walikubali kulipa hadi dola bilioni 26. Angalau asilimia 85 lazima itumike kupambana na uraibu wenyewe. Sharti hilo lilitokana na funzo la fedha ambazo kampuni za sigara zilikubali kuyalipa majimbo mwaka 1998, na ambazo mengi yao yalizitumia kwa mambo mengine.

Wasomaji wa hapa kwetu huniuliza kama basi mofini iogopwe. Hapana. Uganda hutengeneza mofini ya maji kwa bei nafuu, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wanaruhusiwa kuiandika. Mwenye saratani anaipata akiwa nyumbani, kwa dozi inayopimwa kufuatana na maumivu yake, na hakuna muuzaji anayemgongea daktari mlango akitaka aiongeze.