Kipandauso, hedhi na moyo: swali la kuulizwa kabla ya vidonge vya kupanga uzazi

Wanawake wengi wanaokuja kliniki hapa Mombasa hawasemi wana kipandauso. Husema "kichwa chaniuma upande mmoja", kisha hulaumu jua la Kongowea, foleni ya feri Likoni au moshi wa udi. Vyote hivyo vyaweza kukiamsha, sikatai. Lakini muulize tarehe. Mara nyingi kichwa humshika siku mbili kabla ya kuingia mwezini, au siku zile za kwanza za damu.

Sababu ni estrojeni. Homoni hii hushuka ghafla kabla ya hedhi, na ubongo wenye kipandauso haupendi mabadiliko ya ghafla. Ndiyo maana utotoni wavulana na wasichana huugua karibu sawa, lakini baada ya kuvunja ungo wanawake hufikia takriban mara tatu ya wanaume. Mimba ikishapita miezi mitatu ya kwanza wengi hupata nafuu, kwa kuwa homoni iko juu na imetulia. Wakijifungua, maumivu hurudi. Miaka ya kuelekea kukoma hedhi ndiyo migumu zaidi, maana estrojeni hupanda na kushuka bila mpango.

Ramadhani huongeza jambo lake. Aliye hedhini hafungi, lakini kwa haya hula kwa kujificha, tonge mbili na maji kidogo. Njaa na kiu juu ya homoni inayoshuka: kichwa hicho kimeitwa.

Sasa nije kwenye swali ambalo ningependa kila mwanamke aulizwe: kabla kichwa hakijaanza, waona nini? Baadhi huona mstari unaomeremeta, wenye ncha kama meno ya msumeno, ukitanuka polepole na kuacha doa lisiloona kitu. Wengine huhisi ganzi ikitambaa kutoka vidoleni hadi mdomoni, au maneno huwapotea. Hali hiyo huchukua dakika 5 hadi 60, ndipo maumivu yaingie. Hizi ni dalili tangulizi. Wapo wanaozificha miaka na miaka wasije wakaambiwa wana jini na kupelekwa kupungwa, na daktari asiyeuliza hatazijua.

Nazo zina uzito. Mwenye kipandauso cha aina hii ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata kiharusi cha mshipa kuziba. Kwa msichana mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo sana, asipoteze usingizi. Huongezeka akivuta sigara, akiwa na presha, au akimeza vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: mwenye dalili tangulizi, awe na umri gani, asitumie vidonge hivyo. Vilevile asiye nazo lakini ana kipandauso na amefika miaka 35 atafutiwe njia nyingine. Na njia zipo: kipandikizi, sindano, vidonge vya projestini pekee, visivyo na estrojeni, wanavyopewa wanaonyonyesha, au koili ya shaba isiyo na homoni kabisa. Usiache vidonge kimyakimya ukabaki bila kinga, nenda ubadilishiwe.

Si ubongo tu. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 27,000 wa miaka 45 na kuendelea. Wenye dalili tangulizi walipata mshtuko wa moyo na kiharusi karibu mara mbili ya wasio na kipandauso. Wenye kipandauso kisicho na dalili hizo hawakuonyesha ongezeko hilo.

Hedhi ikishakoma kichwa cha wengi hutulia, na hapo ndipo watu hujisahau. Lehemu mbaya, yaani mafuta yanayoziba mishipa ya damu, huongezeka na presha hupanda. Aliyewahi kupata presha ya ujauzito au kifafa cha mimba yuko hatarini zaidi, hata kama mtoto huyo sasa ana watoto wake. Apimwe presha mara kwa mara, na vyenye chumvi nyingi kama ng'onda na achari viwe vya kuonja. Mshtuko wa moyo nao hauji kwa maumivu ya kifua peke yake: kuna kukosa pumzi, jasho la baridi, kichefuchefu, maumivu ya taya au mgongo. Wengi hudhani ni asidi, wakanywa dawa ya tumbo na kulala.

Kuhusu dawa za dukani: ukimeza za kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, au za mchanganyiko, zenye dawa zaidi ya moja ndani ya kidonge kimoja, siku 10, kwa miezi mitatu, dawa yenyewe huanza kuleta kichwa. Ibuprofeni na diklofenaki hupandisha presha, na triptani, dawa maalumu za kipandauso, hazimfai mwenye ugonjwa wa moyo. Weka alama kwenye kalenda: siku ya damu, siku ya kichwa, ulichoona, ulichomeza. Miezi mitatu yatosha, njoo nayo.

Usingoje kalenda ukipata kichwa kikali cha ghafla ambacho hujawahi kukipata, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika. Mjamzito aliyepita wiki 20 akiumwa kichwa na kuona kiwi, apimwe presha siku hiyohiyo. Kwa kiharusi cha mshipa kuziba, dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo anayekupeleka akariri saa dalili zilipoanza na aitaje mlangoni.