"No niin" ya Kifini maana yake nini?

Ukifika Ufini, hata kabla hujajua kuhesabu mpaka kumi utakua ushaisikia "no niin" mara mia, na wengi tunakwama hapo kwenye "no" tukidhani mtu anakataa, kumbe hapana kwa Kifini ni "ei". Hiyo "no" ni ya kuanzishia maneno tu, kama "basi" au "ee", na "niin" ni "hivyo" au "ndivyo". Ukiziunganisha unapata "basi hivyo", ambayo haikufikishi popote, kwa hiyo achana na kutafsiri kipande kipande. Neno lake kwetu ni HAYA.

We angalia tunavyoitumia haya. Mwalimu anaingia darasani, "haya, fungueni vitabu". Fundi kakaza bomba la mwisho, anajifuta mikono, "haya". Mtoto kamwaga uji na alishaonywa, "haya, umeona sasa!" No niin inabeba yote hayo, kinachotofautisha ni sauti. Ikitoka fupi na imechangamka, kazi inaanza. Ikivutwa huku inashuka, nooo niiin, ujue kuna kitu kimeharibika, mfano basi limewaacha mkiliona. Ikirudiwa polepole, "no niin, no niin", ni mzazi anambembeleza mtoto aliyeanguka.

Kwenye kutamka, hiyo "ii" ivute kweli maana Kifini hakitanii na urefu wa sauti, tuli ni moto, tuuli ni upepo, alafu tulli ni forodha. Mtaani wanaiunganisha inakua "nonniin", au "nonni" tu.

Ila ambayo naomba uishike kabisa ni ya kuaga. Umealikwa kahawa kwa watu, mmekunywa, mmekula pulla, ule mkate wao mtamu unaonukia iliki kama maandazi ya nyumbani, stori zimeisha pamekua kimya, mara mtu mmoja anajipiga mapaja kwa viganja vyote viwili, "no niin", huyo kasimama. Hajasema usiku umeingia wala kesho kuna kazi, lakini kila mtu kaelewa kwamba watu wanaondoka, na ukibaki umekaa unasubiri amalizie sentensi, sentensi yenyewe ndo ilikua hiyo, wenzako wako mlangoni wanavaa viatu. Na kwenye simu ni hivyo hivyo, maongezi yakipoa ukasikia "no niin", kinachofuata ni "moi moi", yani kwaheri.