Hati inayoridhisha haimalizi maswali

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) inapotoka, wananchi wengi huuliza kwanza halmashauri yao imepata hati gani, yaani maoni ya mkaguzi kuhusu hesabu zake. Ni swali zuri, ila halitoshi. Hati inayoridhisha inathibitisha kuwa taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina makosa makubwa ya kumpotosha msomaji. Haithibitishi kwamba kila shilingi ilitumika vizuri. Saruji iliyonunuliwa kwa bei ya kuruka inaweza kuandikwa vitabuni kwa usahihi kabisa.

Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, na hesabu hutakiwa kumfikia mkaguzi ndani ya miezi 3. Mkaguzi hapitii kila hati ya malipo; huchagua sampuli. Malipo makubwa hayakwepeki, na yale ya wiki za mwisho za Juni huangaliwa kwa jicho kali, kwa sababu haraka ya kumaliza bajeti ndiyo huzaa malipo ya mzigo ambao haujafika.

Chukua mfano wa mifuko 400 ya saruji ya kujengea madarasa. Nyuma ya hati ya malipo lazima ziwepo ombi la ununuzi, LPO (hati ya kumwagiza mzabuni alete mzigo), ankara, hati ya kupokelea mzigo, taarifa ya kamati ya mapokezi na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi). Tarehe peke yake hufichua mengi: ankara ikiwa ya tarehe 9 na LPO ya tarehe 12, mzabuni alipewa kazi kabla ya idhini. Kutoka hapo mkaguzi huenda stoo. Leja, yaani daftari la mali inayoingia na kutoka, ikionyesha mifuko 310 imetoka, rafuni inapaswa kubaki 90. Ikikutwa 40, mifuko 50 haina maelezo, hata kama makaratasi yote yamegongwa mihuri. Shahada na CPA (sifa ya kitaaluma ya uhasibu) hufundisha hesabu. Kusoma leja ya stoo vizuri mtu hujifunzia kazini.

Upungufu huo haumfanyi mtu mwizi papo hapo. Huandikwa kuwa hoja, na Afisa Masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi, hupewa nafasi ya kujibu kwa vielelezo. Hoja nyingi hutokana na nyaraka kutokuwepo, au mtu mmoja kuagiza, kupokea na kutunza mali hiyo hiyo. Panapoonekana dalili za jinai, suala hupelekwa vyombo vya uchunguzi kama TAKUKURU, kwa kuwa CAG hana mamlaka ya kumshtaki mtu.

Ibara ya 143 ya Katiba inamlinda CAG asipokee amri ya mtu wala idara yoyote katika kazi yake. Ripoti humfikia Rais kufikia mwisho wa Machi, kisha huwekwa mezani bungeni, na hoja za halmashauri huchambuliwa na LAAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Unapoisoma, usiishie kwenye jedwali la hati. Tafuta sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Hoja inayojirudia mwaka baada ya mwaka ndiyo ya kumuuliza diwani wako kwa jina la mradi na kiasi cha fedha.