Fungate ya kazi ikiisha usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi

Watu wakija kwenye dawati letu la ushauri wa ajira wengi wanaanza kujitetea kabla hata hawajakaa vizuri, "mimi sio mtu wa kurukaruka jamani, ila..." Kuna siku alikuja kijana ana sivii yenye kazi nne ndani ya miaka mitatu, kaiweka mezani kifudifudi ili nisiisome kwanza, halafu akaniuliza kama yeye ndo ana matatizo. Nikamwambia tuache matatizo kwanza, tuhesabu. Nitarudi kwake.

Hii aibu ya kuhama kazi tuitoe mapema kabisa. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 23, linasema kila mtu ana haki ya kufanya kazi na kuichagua kazi yake kwa hiari, na kuchagua bila ruhusa ya kuondoka sio kuchagua. Tunaambiana sana mvumilivu hula mbivu, na kwa mambo mengi ni kweli, lakini mimi nimekaa na watu waliovumilia miaka mitano sita kwenye ofisi wanayotukanwa kila wiki na hakuna kitu kilichoiva pale, walichovuna ni kukosa usingizi na presha. Hata wataalamu zamani walikuwa wakali, mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani Edwin Ghiselli aliandika kuhusu watu wanaohama hama kazi bila sababu ya kueleweka, akawaita kama wazururaji, akafananisha ile hamu yao na ya ndege wanaohama msimu ukifika. Inawezekana wapo wa hivyo. Ila wengi niliokutana nao mimi walikuwa na sababu, tatizo hakuna aliyewauliza vizuri.

Swali ninalouliza mimi ni hili: ni siku gani ulijua kwamba unaondoka? Sio siku uliyoandika barua, hapana, siku uliyojua moyoni. Watafiti Thomas Lee na Terence Mitchell waliandika mwaka 1994 kwamba sio kila anayeacha kazi anaacha kwa sababu ya manung'uniko yaliyojaa taratibu kama ndoo, mara nyingi kuna tukio moja linamtikisa ndo anaanza kufikiria. Na ukiuliza hivyo majibu yanagawanyika. Kuna anayekutajia siku na saa, "ilikuwa Jumatatu, bosi alinirushia faili mbele ya wateja". Na kuna anayefikiria mpaka anachoka, mwisho anasema nilichoka tu, nilizoea, haikuwa na ladha tena.

Hawa wawili dawa yao sio moja kabisa, na kosa kubwa ninaloliona ni kuwapa ushauri mmoja.

Huyu wa pili nataka nikae naye kidogo. Mwaka 2005 Wendy Boswell na wenzake walichapisha utafiti wa mameneja waliowafuatilia kwa miaka kadhaa, wakaona mchoro unaojirudia: mtu anaondoka kwenye kazi kuridhika kwake kukiwa chini, akiingia kazi mpya kunapanda juu sana, halafu baada ya muda kunashuka tena. Wenyewe waliita fungate na uchovu wa baada ya sherehe. Yaani ile furaha ya mwanzo, dawati jipya, watu wapya wanakusalimia kwa jina, kila mtu anakuelekeza kwa upole, sehemu kubwa ni ugeni tu, na ugeni unaisha popote utakapoenda. Sasa kama hulijui hili, siku fungate inaisha unadhani kazi imeharibika, unatafuta nyingine, unapata fungate nyingine, nayo inaisha, na kila ukihama unaanza upya, likizo unaanza kuhesabiwa moja, kipindi cha majaribio upya, kuaminiwa upya, na kazi yenye maana mara nyingi inakuja ukishaaminiwa, pale wanapokuachia kitu kikubwa ukifanye mwenyewe mpaka mwisho. Wengine wanaondoka mwezi mmoja kabla ya hapo. Inaniuma sana hiyo.

Kwa hiyo kama huna siku ya kuitaja, usiandike barua kwanza, jaribu kuigeuza kazi uliyonayo. Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika mwaka 2001 kuhusu wafanya usafi wa hospitali moja, kazi ni ile ile, mshahara ule ule, lakini kuna waliosema sisi tunafagia na kuna waliojiona ni sehemu ya kumponya mgonjwa, hawa wa pili wanaongea na wagonjwa, wanaangalia nani hajapata mgeni, wanapanga usafi wao usimsumbue nesi. Hakuna aliyewaagiza. Maana waliitengeneza wenyewe kwa kubadilisha vitu vidogo, wanaongea na nani, wanaanza na nini, wanaionaje kazi yao. Jiulize ni sehemu gani ya kazi yako ukiifanya muda unakimbia, kisha omba uongezewe hiyo hata kwa saa mbili kwa wiki, ongea na bosi kwa lugha ya kazi tu, "naomba nishike hili". Wengi hawajawahi kuomba hata mara moja, na walishaacha kazi tatu.

Lakini nisieleweke vibaya, na hapa waajiri wanisikilize pia. Hii ya kuigeuza kazi haitibu dharau. Huwezi kumwambia mtu anayeitwa mjinga kwenye kikao atafute maana. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200, na kwenye kitabu chao cha mwaka 1959 wakaeleza kwamba yanayomfurahisha mtu kazini (kufanikisha kitu, kutambuliwa, kupewa jukumu) sio kinyume cha yanayomkera, mshahara, usimamizi mbovu, mazingira, yale ni mafungu mawili tofauti. Ukiongeza mshahara unapunguza kero, hujaleta furaha. Na ukimpa jukumu zuri huku unamfokea, kero iko pale pale.

Na dharau siku hizi sio jambo la kusema ndo maisha ya kazi yalivyo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2019 Mkataba namba 190 wa kukomesha ukatili na unyanyasaji kazini, ukaanza kutumika Juni 25, 2021, unamgusa mpaka aliyeko kwenye mafunzo, anayejitolea, na anayetafuta kazi, na unahesabu hata meseji za kazi za kwenye simu. Tukio moja tu linatosha kuitwa unyanyasaji, sio lazima lirudiwe. Ila nchi inafungwa nao ikiuridhia, kwa hiyo ulizia kama nchi yako imeuridhia na sheria yenu ya kazi inasemaje.

Kuna wengine dharau yao haina siku moja, inadondoka kidogo kidogo, hasalimiwi, haambiwi vikao, makosa yake yanatangazwa na mazuri yake yanapewa mtu mwingine. Huyu naye atasema nilichoka tu. Ndo maana namwambia aandike. Daftari lako mwenyewe, sio kompyuta ya ofisi, tarehe, kilichosemwa, nani alikuwepo. Wiki nne zikipita utasoma mwenyewe uone kama ni uchovu wa fungate au unanyanyaswa, na kama ni la pili tayari una ushahidi wa kupeleka kwa mwajiri, chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi.

Kabla ya kuingia kazi nyingine, kwenye intavyuu uliza aliyekuwa na nafasi hii yuko wapi sasa hivi. Wakijikunja kujibu, umejibiwa. Fika mapema ukae mapokezi uangalie mlinzi na mfanya usafi wanaongeleshwaje.

Yule kijana wa kazi nne tulichora kwenye karatasi kila kazi, ni mwezi wa ngapi tangu aianze ndo alijua anaondoka. Kazi tatu zilitoka mwezi wa nane, wa tisa, wa nane, kanyamaza muda mrefu sana akiangalia zile namba. Ya nne aliondoka mwezi wa pili, msimamizi alimwita mwizi mbele ya watu kwa hela ambayo baadaye ilionekana kwenye droo na hakuombwa radhi. Hiyo nikamwambia asiieleze kwa kuinamisha kichwa popote, aseme "niliondoka kwa sababu ya namna nilivyotendewa" basi, akae kimya asubiri swali linalofuata. Sasa hivi ana kazi nyingine, yuko mwezi wa saba, na karatasi ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake.