Kikundi cha historia hakikui kwa soda

Juzi tena nimepigiwa simu na mtu anayetaka kuanzisha kikundi cha historia Mafinga, na kilio ni kile kile: vijana wa siku hizi hawapendi historia, tutawavutaje? Jamani, tuache kusema hivi. Vijana hao hao utawakuta kijiweni wakibishana ukoo upi ulitangulia kufika Kihesa na nani hasa alilima shamba lile kabla halijapimwa. Wasichotaka ni kuitwa ukumbini wamsikilize mzee mmoja saa mbili nzima.

Bango, fulana, soda na chapati vinaleta watu siku moja. WhatsApp inakumbusha tarehe, basi.

Kinachonikera ni uchaguzi wa mada. Hapa Iringa karibu kila kikundi kinafungua na Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani: vita ya Lugalo 1891, ngome yake ya Kalenga kuanguka 1894, kifo chake Mlambalasi 1898, fuvu lake kurudishwa kutoka Ujerumani 1954. Ni historia kubwa na naipenda kwa moyo wote. Ila mgeni akifika anakuta wajuzi wameshamaliza kila kitu, wanasahihishana tarehe tu. Mkinga mwenye duka mjini, au Mbena aliyehamia juzi, anajiona kama amekaa kwenye msiba wa ukoo usio wake. Anaondoka kimya, na sisi tunasema hapendi historia.

Swali la mkutano liwe lile ambalo wanakikundi hawawezi kulijibu bila mgeni. Wakati wa vita kuu ya pili Ifunda kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Tangaza "Wakimbizi wa Kipolandi Ifunda" uone: watakuja wale wale saba wa kila siku. Uliza badala yake, "Nani bibi yake aliwauzia Wapolandi mayai au maziwa?" Hapo mtu anakwenda kwanza nyumbani kuuliza, na akishauliza hawezi kukaa na jibu peke yake. Makambako au Mbeya uliza nani kwao alifanya kazi kwenye ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ule wa 1970 hadi 1975. Hapo kabila halihusiki, maana reli ilikusanya watu kutoka kila upande.

Na akija na kitu, tulieni. Mara nyingi ni bahasha kuukuu, ndani mna risiti ya kodi ya kichwa iliyokunjwa mara nne, mhuri umefifia, kwenye mikunjo karatasi imeanza kuachana. Wajuzi wote wanainyooshea mikono. Hapana! Aisome mwenyewe kwanza: jina, mwaka, kiasi, sahihi ya mpokeaji. Pigeni picha kwa simu mbele yake, kisha airudishe kwenye bahasha yake. Familia nyingi huku zimeshatoa picha na karatasi kwa watafiti, na hazijarudishiwa mpaka leo. Kikundi kikibaki na karatasi ya mtu hata wiki moja, mtaa mzima utajua.

Muda nao muupange na kina mama. Saa tisa alasiri siku ya gulio hamtawapata, halafu mtalalamika kikundi kimejaa wanaume.

Lipo moja ambalo sijalimaliza moyoni. Swali linalojaza watu kuliko yote ni lile linalogusa kidonda. Isimani, hapa hapa Iringa, siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu aliuawa kwa risasi katika mvutano wa mashamba na vijiji vya ujamaa. Ukiuliza habari za mwaka ule, watu watafurika. Lakini watoto na wajukuu wa pande zote wapo, wanakutana sokoni na kanisani. Wengine huja wakitafuta ushahidi wa kesi ya ardhi, na sioni namna ya kuwakatalia wala ya kuwakaribisha bila kugawa kikundi. Kwa sasa mada za namna hiyo hatuzitangazi. Tunakwenda nyumbani kwa mzee, watatu au wanne, akiwa ametuita mwenyewe, na yeye ndiye anayeamua yapi yafike kwenye mkutano.