Maikrowevu haiachi mionzi kwenye pilau

Hapa Mombasa nimelisikia mara nyingi, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni: "Usimpashie mtoto pilau kwenye maikrowevu, itabaki na mionzi." Ni hofu ya mapenzi, lakini si kweli.

Mawimbi ya maikrowevu ni ndugu wa mwanga. Ukizima taa, mwanga haubaki umejificha ukutani. Vivyo hivyo mashine ikizimika mawimbi yamekwisha, kinachobaki ni joto tu. Mawimbi hayo, yenye urefu wa takriban sentimita 12, huzitikisa molekuli za maji ndani ya chakula hadi kipate moto. Hayapenyi matundu madogo ya wavu wa mlangoni. Mlango ukipinda, usiitumie mpaka itengenezwe.

Kinachotuchanganya ni neno lenyewe, mionzi. Redio, Wi-Fi, joto la jiko la makaa, mwanga, eksirei: yote ni mawimbi ya sumakuumeme. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo nishati ya kila chembe yake inavyozidi. Kwa kipimo hicho, hata infraredi, yaani mionzi ya joto, ya makaa yanayochoma mishikaki inaishinda maikrowevu.

Wa kuchungwa hasa ni urujuanimno wa jua, mionzi mifupi kuliko mwanga na isiyoonekana kwa macho, kwa sababu huharibu DNA ya ngozi. Mombasa ipo nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na mawingu hayauzuii wote. Mtoto mwenye ualbino anayecheza ufukweni Nyali saa sita mchana anahitaji kofia pana, nguo ya mikono mirefu na losheni ya kukinga jua.