Kasi ya Tovuti Yenye Data Nyingi Haitokani na Fremuweki Pekee

Wapo wengi wanaoamini kwamba tovuti yenye data nyingi lazima ijengwe kwa fremuweki (msimbo ulio tayari unaotumika kama msingi wa kujengea tovuti) iliyoshinda majaribio ya kasi, na kwamba zile za zamani, kama Django na Ruby on Rails, zitalemewa watumiaji wakiongezeka. Hata hivyo Instagram, iliyoanza mwaka 2010 kwa Django, ilikua hadi kuhudumia mamia ya mamilioni ya watu bila kuiacha.

Katika tovuti ya aina hii, muda mwingi hupotea seva ikisubiri hifadhidata. Chukua ukurasa unaoorodhesha oda 100: ikiwa msimbo unaleta orodha kwanza, kisha unauliza jina la kila mteja peke yake, hifadhidata itaulizwa mara 101, ilhali ulizo moja au mawili yangetosha. Kosa hili hujificha katika fremuweki yoyote inayomwandikia mtayarishaji programu maulizo ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata), na lugha ya programu yenye kasi hailiondoi. Vivyo hivyo, jedwali kubwa lisilo na faharasa (orodha ya kutafutia haraka) kwenye safu inayochujwa husomwa mstari kwa mstari. Amri ya EXPLAIN ya mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, inayoeleza jinsi ulizo litakavyotekelezwa, huonyesha jambo hilo waziwazi, nami ningependa iendeshwe kabla ya fremuweki kulaumiwa.

Basi linalostahili kuulizwa ni kama fremuweki inasimamia vizuri mabadiliko ya muundo wa majedwali, inaruhusu SQL ya moja kwa moja, na inafahamika kwa timu itakayoitunza. Tovuti inayoshikilia maelfu ya miunganisho hai, yaani inayobaki wazi kati ya watumiaji na seva, kwa wakati mmoja ni suala jingine; hapo uwezo wa fremuweki wenyewe huwa na uzito.